Barua Pepe Nayo Ina Hodi Yake

Shule zimefunguliwa. Wazazi wamemaliza hesabu ya karo, sare na madaftari, na watoto wamerudi madarasani. Katika majuma haya ya kwanza, kabla kazi haijazidi, twapenda kuwakumbusha wazazi na walimu jambo moja lisilokuwamo katika orodha ya mahitaji ya shule, nalo ni adabu ya kuandika barua pepe.

Mfano wetu tutautoa mbali na Pwani, huko Turkana, kwa kuwa huko haja yake yaonekana wazi zaidi. Nawoitorong iko nje kidogo ya mji wa Lodwar, na wasafiri waijua kwa nyumba ya wageni inayoendeshwa na kikundi cha kina mama. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, na hapo ipo kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, walipowasili vijana wa Sudan waliokimbia vita. Katika nchi hiyo wapo watu wa namna mbili wasio na anwani ya kudumu: mfugaji ahamaye na mifugo yake kufuata malisho, na mkimbizi asiyejua mwakani atakuwa wapi. Kwa watoto wa hawa, anwani ya barua pepe ndiyo nyumba pekee isiyohama.

Na barua zifikazo katika nyumba hiyo si za mchezo. Nchini Kenya, maombi ya nafasi za vyuo vikuu na ya mikopo ya HELB hufanywa kwa intaneti. Kwa upande wa wakimbizi, uko mpango wa shirika la WUSC la Kanada, ulioanza mwaka 1978, ambao umewapeleka vijana wa Kakuma na Dadaab kusoma katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Sasa mfikirie kijana aliyefunguliwa anwani na mwenye duka la intaneti, akaondoka bila kulijua neno lake la siri. Kijana huyo aweza kuitwa asisikie. Mlango umebishwa, na mwenye nyumba hana ufunguo.

Ndugu wasomaji, adabu hii si ngeni kwetu. Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa, India. Wazee wetu walipoandikiana walimtaja mwandikiwa kwa cheo chake, wakamsalimu, wakamuuliza hali, ndipo wakaingia katika haja. Na katika Qur'ani twasoma habari ya barua ya Nabii Sulayman kwa malkia wa Sabaa: ilieleza yatoka kwa nani, ikaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, ikataja haja kwa maneno machache. Malkia aliiita barua tukufu kabla hajaamua jawabu lake. Heshima ya barua ilitangulia.

Basi tuwafundishe watoto kama tuwafundishavyo kupiga hodi. Mgeni mwenye adabu hubisha, hujitaja, hungoja. Anwani ya mwanafunzi na iwe na jina lake kama lilivyo katika vyeti vyake, si lakabu ya barazani. Kichwa cha barua kiseme haja. Aandikaye bila kichwa ni kama aliyebisha mlango akanyamaza. Kisha salamu, kujitambulisha, haja moja iliyo wazi, shukrani, jina kamili na namba ya simu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi mmoja aandika bila kichwa: "Niaje ticha, nitumie ile kitu haraka." Mwalimu ana wanafunzi wengi, hajui huyu ni nani, wala hicho kitu ni kipi. Mwingine aweka kichwa, "Ombi la barua ya kunitambulisha, kabla ya tarehe 20 Februari", kisha aandika: "Mwalimu mheshimiwa, shikamoo. Nilikuwa mwanafunzi wako wa Kidato cha Nne mwaka uliopita. Naomba msaada wa kufadhiliwa masomo, na nimetakiwa barua ya mwalimu anijuaye. Cheti changu nimekiambatisha. Nitashukuru ukinijibu, hata kama haitawezekana." Wa pili amemwondolea mwalimu taabu ya kukisia, akampa na njia ya kukataa bila uzito. Hata barua ikiandikwa kwa Kiingereza, kama vyuo vingi vinavyotaka, mpango ni huo huo.

Yako na mengine. Kabla ya kutuma, tuhakikishe kiambatisho kimewekwa na picha ya cheti yasomeka. Jibu la mmoja lisitumwe kwa wote. Barua ikipokewa ijibiwe mapema, hata kwa kusema, "Nimeipata, nitaishughulikia." Jibu likichelewa, mwanafunzi angoje siku kadhaa, aulize kwa upole. Hodi ni tatu. Zikipita hizo, atafute njia nyingine, asilaumu wala asitukane.

Tena tuwafundishe kuchunguza yaliyowafikia. Matapeli huwaandikia wenye shida wakidai ada ya kupata nafasi ya masomo au ya kuhamishiwa ng'ambo. Huduma za UNHCR ni bure, na anayeomba pesa kwa jina lake ni mwizi.

Huenda mwalimu akasema: shule yetu haina kompyuta, umeme ni wa shida na bando ni ghali. Twamjibu kwamba somo hili halihitaji kompyuta ili lianze. Wanafunzi waandike barua zao katika daftari, pamoja na anwani na kichwa, mwalimu azisahihishe. Siku simu moja itakapopatikana, kila mmoja atanakili barua iliyokwisha kunyooka, wala bando halitapotea bure.

Nasi wa Pwani tusingoje kukosa ndipo tujifunze. Juma hili kila mzazi akae na mwanawe, amfungulie anwani yenye jina lake, na neno la siri liandikwe na kuwekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Barua ya kwanza aiandike kwa ami au shangazi aliye mbali, kwa salamu kamili. Naye aliye mbali, tafadhali, amjibu mtoto huyo.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya kheri, wa Pwani na wa Turkana, na wale wasiojua bado watalala nchi gani. Amin.