Ngazi ya Gari la Zimamoto: Urefu Peke Yake Hautoshi (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulizungumzia pampu na matangi. Leo ni zamu ya ngazi, chombo ambacho wanunuzi wengi hukipima kwa urefu tu.

Tuchukue kituo cha biashara cha Mahoko, hapa Kanama, Rwanda. Maduka yamejipanga kando ya barabara kuu itokayo Musanze kuteremkia Gisenyi. Kikosi cha zimamoto cha Polisi ya Taifa kikiitwa, gari halitafika ukutani. Litasimama barabarani, na ngazi itapita juu ya mtaro, baraza na bati la mbele ndipo ifikie dirisha. Basi muhimu ni kujua ngazi ikiinamishwa inafika umbali gani, na ikiwa imebeba watu wangapi.

Wajerumani hulijibu swali la umbali katika jina la ngazi. Ile iitwayo 23/12, kama zinazotengenezwa Ulm na kampuni ya Magirus iliyoanzishwa 1864, hufika mita 23 juu huku ikiwa mita 12 kutoka ukutani. Ikikaribia wima hufika takriban mita 30. Muuzaji atakutajia 30. Wewe muulize habari za ile 12. Kadiri ngazi inavyolala ndivyo uzito wa kikapu cha watu kilicho nchani unavyolivuta gari lipinduke, sawa na ndoo inavyozidi kulemea ukinyoosha mkono. Ngazi nzuri hupima mzigo na kujizuia yenyewe kabla ya kuvuka mpaka.

Marekani hutengeneza za chuma na za alumini. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, lakini joto huidhoofisha mapema zaidi. Kwa kuwa ngazi hupita juu ya moto, mimi ningechagua chuma kilichopakwa zinki, ingawa gari litalemewa kidogo milimani. Majukwaa ya mikono inayokunjwa, kama ya Bronto Skylift ya Finland, ni mazuri sana, ila yale makubwa ni mazito na yanataka nafasi tusiyo nayo.

Kisha kuna miguu ya jeki inayolizuia gari lisipinduke. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika huku kwetu, na udongo uliolowa vile hauhimili mguu wa gari zito bila kuwekewa bamba pana chini. Tena pakiwa na mteremko, kitako cha ngazi lazima kiweze kujisawazisha.

Anayenunua gari lililokwisha kutumika ainyooshe ngazi yote. Apitishe macho kwenye kila kiungo kilichochomelewa, atazame nyaya zilizokatika nyuzi na mafuta yanayovuja kwenye silinda. Kanuni za Marekani hudai ukaguzi kila mwaka, na kila miaka 5 viungo vipimwe kwa vifaa vinavyoona nyufa zisizoonekana kwa macho. Ngazi iliyokuja bila karatasi za vipimo hivyo asiipande mtu mpaka ikaguliwe, hata kama rangi yake bado inang'aa.

Itaendelea.