Maharagi mawili, watoto wane

Wamama wenzetu, katika mikutano yetu neno hili linarudi kila mara: «Mutoto wa kwanza ni SS, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima, kwa sababu munganga alisema mumoja kwa wane.» Munganga alisema kweli, lakini neno lake linachukuliwa vibaya.

Chukua sahani mbili. Katika kila moja weka haragi moja jeupe na moja jekundu. Ya kwanza ni baba, ya pili ni mama. Wote ni AS, hawaumwi, pengine hawajui kabisa. Funga macho, toa haragi moja katika kila sahani: huyo ni mutoto. Mekundu mawili, ana SS, ni kusema drepanositozi. Katika njia nne inatokea moja tu; njia mbili zinaleta AS kama wazazi, na moja AA. Kisha rudisha maharagi mahali pake, kwa sababu mimba inayofuata inaanza upya. Maharagi hayakumbuki mukubwa alipata nini.

Sasa wakizaa wane, wagonjwa watakuwa wangapi? Inaweza kuwa 0, 1, 2, 3 ao 4. Hakuna mugonjwa na nusu. Lakini namba hizo hazina uzito sawa. Tufikiri familia 256 za namna hiyo. Kwa hesabu, 81 hazitakuwa na mugonjwa hata mumoja, 108 zitakuwa na mumoja, 54 wawili, 12 watatu, na familia 1 wote wane. Jumla ya wagonjwa ni 256, mumoja kwa kila familia, lakini huo ni wastani tu: zaidi ya nusu ya familia hazikupata mumoja kamili.

Angalia zile 81. Zinakaa jirani na zile 12, damu yao ni ileile, na mara nyingi ndizo zinasema kwamba yule mama ana mukosi ao amelogwa. Tulishaona wanawake wanarudishwa kwao juu ya hiyo. Na lile haragi jekundu la baba, je? Bila lile, SS haiwezi kutokea.

Kongo ni kati ya inchi zenye ugonjwa huu kwa wingi duniani. Kipimo cha damu kinachoitwa elektroforezi ya emoglobini kinaonyesha kama mutu ni AA, AS ao SS. Vijana wakifanye mbele ya mambo ya mahari. Mumoja akiwa AA na mwenzake AS, hakuna mutoto atakayekuwa SS, hata wakizaa kumi. Wote wakiwa AS, waende kwa munganga bwana na bibi pamoja. Na mutoto ambaye tayari ana SS anywe maji mengi, alale ndani ya moskitere, apate chanjo zote, na homa ikipanda usiku asingojeshwe mpaka asubuhi.