Ushindi Ni wa Timu, Mrushaji Apewe Kilicho Chake

Usiku wa Mei 26, 1959, mjini Milwaukee nchini Marekani, Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates aliwatoa wapigaji 36 mfululizo. Mechi ya besiboli ina awamu tisa, na huongezwa nyingine timu zikiwa sare; katika kila awamu timu inayopiga huendelea hadi watu wake watatu watolewe. Haddix alifika awamu ya 12 bila mpinzani hata mmoja kukanyaga kituo cha kwanza. Hakuna mrushaji wa ligi kuu aliyewahi kufika hapo.

Tatizo lilikuwa kwa wenzake. Walimgonga Lew Burdette, mrushaji wa Milwaukee Braves, mara 12, lakini hakuna aliyefika nyumbani kuandika mkimbio. Awamu ya 13 mambo yakaharibika. Félix Mantilla aliupiga mpira ukaviringika hadi kwa Don Hoak, naye Hoak akaurusha vibaya kwenda kituo cha kwanza, Mantilla akasalimika. Eddie Mathews akajitoa mhanga ili Mantilla asogee kituo cha pili. Hank Aaron, aliyekuwa tishio kwa kila mrushaji, akapewa kituo cha bure kwa makusudi. Kisha Joe Adcock akautandika mpira ukavuka ukuta. Kwa kuwa Adcock alimpita Aaron njiani, mkimbio mmoja tu ndio uliohesabiwa. Braves 1, Pirates 0.

Katika kumbukumbu rasmi, Burdette aliandikiwa ushindi. Haddix akaandikiwa kipigo.

Msimu huohuo, katika timu hiyohiyo ya Pittsburgh, alikuwepo mrushaji mwingine, Elroy Face, aliyekuwa akiingia mechi zikiwa zimefika ukingoni. Alimaliza mwaka na ushindi 18 na kipigo kimoja. Mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, aliziangalia mechi hizo kwa karibu akaona jambo lililomkera: katika baadhi yake, Face aliingia timu ikiongoza, akawaacha wapinzani wasawazishe au wapite mbele, kisha wapigaji wake wakamwokoa. Ushindi ukaandikwa kwa jina lake. Kero hiyo ndiyo iliyomsukuma Holtzman kubuni hesabu ya mechi zilizookolewa na warushaji wa akiba, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1969. Haddix alimaliza msimu wake na ushindi 12 na vipigo 12. Anayesoma safu hiyo ya takwimu peke yake atasema Face alikuwa jabali na Haddix mtu wa kawaida.

Kanuni ya ushindi wa mrushaji ni rahisi kuieleza. Mrushaji aliyeanza mechi hupewa ushindi endapo amekamilisha angalau awamu tano, ameondoka timu yake ikiongoza, na uongozi huo haukupotea hadi mwisho. Ukipotea, anakosa ushindi, hata kama timu yake itashinda baadaye. Hapo ushindi kwa kawaida humwendea yule aliyekuwa zamu wakati timu ilipochukua uongozi wa kudumu. Mrushaji aliyeanza asipofikisha awamu tano, mtunza takwimu rasmi ndiye huamua ni nani kati ya warushaji wa akiba aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Sasa hesabu ni mambo mangapi kati ya hayo yamo mikononi mwa mrushaji. Wenzake wafunge, walinzi walio nyuma yake wadake, kocha asimtoe mapema, na watakaompokea wasivuruge. Na tangu mwaka 2022, ligi zote mbili kubwa za Marekani zina mpigaji maalumu anayeshika gongo badala ya mrushaji. Kwa kawaida, basi, mrushaji wa leo hapati hata nafasi ya kuifungia timu yake mkimbio mmoja. Ni sawa na kipa aliyezuia kila shuti kwa dakika 90, kisha sare tasa ikahesabiwa kuwa upungufu wake.

Hesabu hii haikuzaliwa kwa upuuzi, na ni haki tuseme hivyo. Cy Young, aliyecheza kuanzia mwaka 1890 hadi 1911, ana ushindi 511, rekodi ambayo hakuna anayeikaribia. Lakini alimaliza mwenyewe mechi 749 kati ya 815 alizoanza. Mtu anayerusha tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, na zamu yake ya kupiga ikifika anashika gongo, ana sehemu kubwa sana katika matokeo. Katika zama hizo, kuandika ushindi kwa jina lake kulikuwa karibu na ukweli.

Zama hizo zimepita. Siku hizi msimu wa ligi kuu una mechi 2,430, na zinazomalizwa na mrushaji aliyezianza hazifiki 50 katika ligi nzima. Mei 2018 Tampa Bay Rays walikwenda mbali zaidi: walimwanzisha Sergio Romo, mrushaji wa akiba, arushe awamu ya kwanza tu, kisha wakamwingiza mwingine wa kubeba mzigo mrefu. Kazi imebadilika kabisa, na kipimo kimebaki kilekile.

Je, jambo hili lina uzito wowote? Naamini linao, kwa sababu kipimo hiki kimegawa heshima kwa miongo mingi. Tuzo ya mrushaji bora, iliyopewa jina la Cy Young, ilianza mwaka 1956, na kwa muda mrefu waandishi wanaoipigia kura walitazama ushindi kwanza. Mwaka 1990 Bob Welch wa Oakland aliichukua akiwa na ushindi 27. Roger Clemens wa Boston, mwenye ushindi 21, aliruhusu wastani wa mikimbio 1.93 kwa kila awamu tisa, bila kuhesabu iliyotokana na makosa ya walinzi. Wastani wa Welch ulikuwa 2.95. Tofauti ya mkimbio mzima kwa mechi ilizidiwa nguvu na safu ya ushindi.

Bert Blyleven naye aliwatoa wapigaji 3,701 kwa straiki tatu na kukamilisha mechi 60 bila kuruhusu mkimbio. Alistaafu na ushindi 287, akiwa amepungukiwa 13 tu kufikisha 300, idadi iliyochukuliwa kuwa tiketi ya kuingia Ukumbi wa Mashujaa huko Cooperstown. Alisubiri hadi mwaka 2011, mara yake ya 14 kupigiwa kura.

Watetezi wa hesabu hii husema wapo warushaji wanaojua kushinda, wanaokaza mkono mechi ikibana. Ujasiri upo, sibishi. Lakini Nolan Ryan, mwaka 1987 akiwa Houston, aliongoza ligi yake kwa wastani bora wa mikimbio, 2.76, na kwa straiki tatu 270. Aliandikiwa ushindi 8 na vipigo 16. Je, Ryan alisahau kushinda mwaka huo, wakati ambapo kufunga mikimbio dhidi yake kulikuwa kugumu kuliko dhidi ya mrushaji mwingine yeyote katika ligi yake? Wapigaji wake hawakumfungia, basi.

Cha kufurahisha ni kwamba macho yamefunguka. Mwaka 2010 Félix Hernández wa Seattle alipewa tuzo akiwa na ushindi 13 na vipigo 12, mbele ya CC Sabathia aliyekuwa na ushindi 21. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alikuwa na wastani wa 1.70, lakini timu yake ilimwachia ushindi 10 na vipigo 9. Wapiga kura 29 kati ya 30 walimweka nafasi ya kwanza. Miaka 20 nyuma, rekodi hiyo ingemnyima tuzo.

Mchezo huu unaota mizizi Afrika Mashariki pia. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Makocha wanaoanza upya wana bahati ya kutobeba mazoea ya karne nzima. Wamfundishe kijana kuhesabu straiki alizopata, vituo vya bure alivyotoa na mikimbio aliyoruhusu. Akifundishwa kuusaka ushindi wa jina lake, atang'ang'ania kumaliza awamu ya tano mkono ukiwa umechoka, na atawanunia wenzake wasipofunga.

Ushindi 511 wa Cy Young ubaki vitabuni, kwa kuwa unasimulia vizuri namna kazi ilivyofanyika wakati wake. Kwa warushaji wa leo, ushindi uandikwe kwenye msimamo wa ligi, kwa jina la timu, kwa kuwa ndiyo iliyoutafuta. Wapiga kura wa tuzo na watangazaji wakitaka kumpima mrushaji, wampime kwa mipira aliyoirusha mwenyewe.