Mkuu wa Zimamoto James Braidwood na Utumishi Wake, 1824–1861

Kabla ya karne ya kumi na tisa, uzimaji wa moto katika miji ya Ulaya haukuhesabiwa kuwa fani ya kusomewa. Moto ulipozuka walikuja waliokuwa karibu, kila mmoja akiamrisha lake, na maji yakimwagwa kutoka barabarani hali moto wenyewe umo ndani. Aliyebadilisha mwenendo huo kuliko wengine ni James Braidwood, mzaliwa wa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1800.

Braidwood alikulia katika kazi ya ujenzi, shughuli ya baba yake, na humo alijifunza jinsi kuta, sakafu na mapaa yanavyoshikana. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 24, aliteuliwa kukiongoza kikosi kipya cha zimamoto cha mji huo. Wiki chache tu baadaye, mwezi wa Novemba, moto mkubwa uliuvamia mji mkongwe, ukaunguza majumba marefu yaliyobanana vichochoroni na kuziacha familia nyingi bila makazi. Kikosi kilikuwa hakijafunzwa, na waheshimiwa kadhaa walitoa amri zinazopingana. Kutokana na msiba huo ilikubaliwa kwamba penye moto amri iwe ya mkuu wa kikosi peke yake.

Aliwachagua watu wake miongoni mwa mafundi: waashi, maseremala, mafundi bomba na waezekaji. Fundi wa paa hana haja ya kufundishwa kutembea juu ya paa. Mazoezi yalifanywa alfajiri, ili watu wazoee kutumia vifaa vyao gizani. Kanuni yake kuu ilikuwa kuingia ndani ya jengo na kulifikia chimbuko la moto. Penye moshi mwingi askari alitakiwa atambae, kwa kuwa hewa iliyo karibu na sakafu ndiyo inayovutika. Wala hakuruhusiwa kuingia peke yake. Mafunzo hayo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1830.

Sifa zake zilifika London, na mwaka 1833 alikabidhiwa kikosi kipya chenye askari wapatao 80. Hapa inafaa ieleweke kwamba kikosi hicho hakikuwa cha Serikali. Kiligharimiwa na makampuni ya bima, ambayo yalijali kwanza mali iliyokatiwa bima. Hata hivyo, Bunge la Uingereza liliposhika moto Oktoba 1834, kikosi kilifika na kusaidia kuliokoa Jumba la Westminster, ukumbi wa kale usio na mfano. Baada ya hapo palitolewa rai kwamba huduma hiyo iwe ya umma, lakini haikukubaliwa.

Braidwood naye hakuacha kutoa tahadhari juu ya maghala ya kando ya mto Thames, yaliyokuwa yakijengwa makubwa kupita uwezo wa kikosi chochote. Alieleza pia kwamba nguzo za chuma cha kalibu, zilizosifiwa kuwa haziungui, huweza kuvunjika ghafla zinapopata joto kali.

Jioni ya tarehe 22 Juni, 1861, yakaungua maghala ya Tooley Street, yaliyojaa pamba, sukari, shura na shahamu. Milango ya chuma iliyowekwa kuzuia moto usienee ilikuwa imeachwa wazi. Mto ulikuwa umekupwa, na pampu zilizo juu ya mashua zikashindwa kupata maji ya kutosha. Braidwood alikuwa akiwapitia askari wake kuwatia moyo pale ukuta ulipomporomokea na kumwua papo hapo. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye, na moto uliendelea kwa muda wa wiki mbili. Msafara wa mazishi yake ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita mbili.

Hasara ile iliyazidi nguvu makampuni ya bima. Yalipandisha ada zao na kuiarifu Serikali kuwa hayawezi tena kuubeba mzigo wa kuilinda London. Sheria ilipitishwa mwaka 1865, na kuanzia Januari 1866 kikosi kikawa chini ya mamlaka ya umma, makampuni yakiendelea kuchangia sehemu ya gharama. Uongozi ulibaki kwa Kapteni Eyre Massey Shaw, aliyeshika nafasi ya Braidwood mwaka ule ule wa 1861.