Keke na Vijembe Vyake

Mafundi wa zamani wa pwani walikuwa na chombo cha kutobolea mbao kiitwacho keke. Chombo hicho kina sehemu nne. Iko kijembe, yaani chuma chenye ncha. Uko msukano, yaani mti mfupi unaokishika kijembe. Liko jivu, kipande cha mti ambacho fundi hukikandamiza kwa kiganja, na ndani yake msukano huzunguka. Na uko uta, ambao kamba yake huzungushwa katika msukano. Fundi huusukuma uta na kuuvuta, kama akatavyo mtu kwa msumeno, na kijembe huzunguka huku na huku mpaka tundu limepatikana. Fundi wa keke alikuwa na vijembe viwili vitatu tu. Jioni alivifunga katika kitambaa pamoja na tupa yake, akaenda zake nyumbani. Hakuhitaji kabati wala ubao wa kuvipangia.

Leo katika karakana za Mwanza keke ya namna hiyo ni nadra kuonekana. Mahali pake imesimama keke ya mashine, ambayo mafundi huiita drili ya kusimama: nguzo ya chuma, meza ya kuwekea kazi, na juu kichwa chenye mota, nacho kina kinywa chenye taya tatu. Vijembe vyake mafundi huviita biti. Biti hizo si mbili wala tatu. Seti ya kawaida huanza na biti ya milimita 1 na kuishia na ya milimita 13, kila moja ikiizidi mwenziwe kwa nusu milimita, na jumla yake ni biti 25. Ziongezwe biti za mbao, ambazo zina ncha kali katikati. Ziongezwe biti za mawe, ambazo kichwa chake ni kipana kidogo kuliko shina. Ziongezwe zile kubwa zenye shina lililochongoka. Basi fundi asiye na taratibu hujikuta na kopo la maziwa lililojaa vyuma vilivyochanganyika, naye hupekua humo kama kuku apekuavyo jaani.

Watu wengi hudhani kwamba kopo hilo ni uchafu tu wa macho, na kwamba hasara yake ni dakika chache za kutafuta. Lakini sivyo.

Na itazamwe bolti moja, ile ya milimita 10, ambayo hutumiwa kufungia usukani wa mashua au miguu ya injini. Bolti hiyo ina meno, na kila jino liko mbali na jirani yake kwa milimita moja na nusu. Mara nyingine fundi hataki kutumia nati. Hutaka bolti iingie ndani ya chuma chenyewe na kushika humo. Basi hutoboa tundu kwanza, kisha huchonga meno ndani ya tundu. Je, tundu hilo liwe na upana gani? Hesabu yake ni nyepesi: upana wa bolti hupunguzwa umbali wa jino hadi jino. Kumi toa moja na nusu ni nane na nusu. Kwa hiyo biti ipasayo ni ya milimita 8.5, na tundu lake huacha chuma cha robo tatu ya milimita kila upande, cha kuchongwa meno.

Sasa fundi apeleke mkono katika kopo na kutoa biti ya 9.5. Kwa jicho tofauti yake na ile ya 8.5 haionekani, hasa jioni. Atatoboa, atachonga meno, na bolti itaingia vizuri. Tena itaingia kwa wepesi, hata fundi atafurahi. Lakini chuma kilichobaki kushikwa na meno ni robo moja tu ya milimita kila upande, yaani theluthi ya kile kilichotakiwa. Bolti hiyo hushika mashua ikiwa pwani. Itashika pia katika maji matulivu ya ghuba ya Mwanza. Siku ile mashua itakapokuwa kati ya bara na Ukerewe, upepo umekwisha kuinuka na mawimbi yanaupiga usukani kushoto na kulia, ndipo yale meno mafupi yatakapong'oka. Mvuvi aliyemo hana habari ya kopo, wala hajui kwamba biti mbili ziliwahi kulala pamoja.

Iko hasara nyingine ya kopo, nayo yafahamika kidogo kuliko hiyo. Biti ya chuma ina mifereji miwili inayojisokota kutoka ncha kwenda juu. Umbo hilo lilipatiwa hati ya haki huko Marekani mwaka 1863 na Stephen Morse. Kabla yake mafundi wengi walitumia vijembe bapa, na chenga za chuma zilirundikana ndani ya tundu mpaka kijembe kikakwama. Mifereji ya Morse huzipandisha chenga na kuzitoa nje zenyewe. Huko chini mwisho wa mifereji ipo midomo miwili ikatayo, nayo haina budi kulingana kwa urefu na kwa mteremko. Biti zikigongana koponi, mdomo mmoja humeguka. Hapo biti hukata upande mmoja tu, huyumba, na tundu lake huwa pana kuliko biti yenyewe. Basi fundi aweza kuchagua biti ya 8.5 kwa uangalifu wote, na bado akapata tundu baya.

Ufundi wa chuma katika nchi za kusini mwa ziwa haukuanza na mashine. Warongo wa Uzinza walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali, na huenda neno kijembe lisingewashangaza, kwa kuwa ni jembe dogo tu. Baadaye mwaka 1887 Alexander Mackay, mmishenari Mskoti aliyesomea uinjinia, aliondoka Buganda akakaa Usambiro, karibu na ncha ya kusini ya ziwa. Msafiri Stanley alipofika hapo mwezi wa Agosti mwaka 1889 alikuta karakana kubwa iliyojaa vyombo na mashine, na wahunzi wakitengeneza boila ya mashua ya moshi, yaani lile birika la chuma ambamo maji huchemshwa hata yakawa mvuke wenye nguvu. Mabamba ya boila za siku hizo yaliungwa kwa ribiti. Bamba huwekwa juu ya bamba, tundu juu ya tundu, na ribiti ya moto hupigwa nyundo mpaka ijaze nafasi yote. Tundu likiwa pana, ribiti haijazi. Na mahali isipojaza, mvuke hutafuta njia. Kutoka pwani mpaka Usambiro ilikuwa safari ya miguu ya miezi, mizigo ikichukuliwa na wapagazi. Kijembe kilichopotea hapo hakikuwa na duka la kukirudisha. Mackay alifariki Usambiro mwezi wa Februari mwaka 1890.

Meli za moshi za kwanza za ziwa hili zililetwa kwa vipande. Meli William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafumuliwa, ikaletwa Kisumu na kuungwa tena, na mwaka 1900 ikashushwa majini, reli yenyewe ikiwa bado haijafika ziwani. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Meli za leo mabamba yake huchomelewa, wala hayapigwi ribiti. Ndivyo ilivyoundwa MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92 na zaidi, iliyoshushwa majini katika bandari ya Mwanza Kusini mwezi wa Februari mwaka 2023. Hata hivyo mashine zilizomo ndani ya meli hufungwa kwa bolti, na kila bolti ina tundu lake, na kila tundu lina biti yake.

Jambo linalozidi kuchanganya mafundi wa Mwanza ni kwamba vyombo vya zamani vya nchi hii vilipimwa kwa inchi, kwa desturi ya Waingereza, na vipya hupimwa kwa milimita. Robo inchi ni milimita 6.35. Biti ya robo inchi, basi, yasimama kati ya ile ya 6 na ile ya 6.5, na aitazamaye hawezi kusema ni ipi. Nambari zilizopigwa katika shina husaidia, lakini taya za mashine zikiteleza mara chache nambari hukwaruzwa hata zisisomeke. Kwa sababu hiyo biti za inchi hazifai kukaa ubao mmoja na biti za milimita. Ziwe na ubao wao, tena upakwe rangi nyingine.

Ubao wa kupangia biti ni kazi ya nusu siku. Huchukuliwa kipande cha mninga au cha mvule kilichokauka kabisa, kwa maana mti mbichi una maji, na maji hayo hutia chuma kutu. Huchorwa mistari miwili, na tundu hutobolewa kwa biti ile ile itakayokaa humo, kwa kwenda chini kadiri ya theluthi moja ya urefu wake. Keke hutikisika kidogo inapozunguka, kwa hiyo tundu huwa pana kuliko biti kwa unywele mmoja, na biti huingia bila kulazimishwa. Zile ndogo hukaa kushoto, kubwa kulia, na kati yao huachwa nafasi ya vidole viwili. Mbele ya kila tundu huandikwa nambari, si kwa chaki, bali kwa chuma cha moto au kwa rangi. Wakati wa masika mbao huvimba na biti hung'ang'ania. Fundi hapaswi kuzing'oa kwa koleo, bali huzungusha polepole, na kiangazi hupitisha biti tena katika tundu ili kulipanua.

Ubao uliotengenezwa hivyo una faida ambayo fundi mgeni haitazamii. Biti isiyo na nambari huanza kujaribiwa katika tundu dogo kabisa, kisha la pili, kisha la tatu. Tundu la kwanza litakalokubali kuipokea ndilo lake. Lakini ajaribuye kutoka upande wa makubwa hudanganyika, maana biti nyembamba huingia popote.

Pahali pa kuutundika ubao ni ukutani, upande wa mkono wa kulia wa mashine, usawa wa kifua. Usiwekwe juu ya meza ya mashine, kwa sababu mtikisiko huzitoa biti na chenga huzifunika. Usiwekwe nyuma ya mashine, mkono ukalazimika kupita karibu na biti inayozunguka. Shati lenye mikono mirefu limewahi kumvuta mtu kwa namna hiyo. Ufunguo wa kukazia taya nao una msumari wake hapo hapo mbele ya macho, nao hutundikwa kabla mota haijawashwa. Ufunguo uliosahauliwa tayani huruka kama jiwe la kombeo.

Kando ya nambari huandikwa pia mwendo. Biti nyembamba huzungushwa upesi na nene polepole, kwa kuwa ukingo wa ile nene husafiri njia ndefu katika kila mzunguko. Kwa chuma laini biti ya milimita 6 yaweza kuzungushwa kadiri ya mara 1300 kwa dakika, na ya 12 kadiri ya mara 650. Anayeusahau mwendo huo huiunguza biti nene mpaka ikawa ya buluu.

Biti za mawe hukaa mbali na zote. Mwanza ni mji wa majabali, na mtu atakaye kutundika rafu huweza kukutana na jabali nyuma ya plasta. Biti ya chuma ikiingizwa humo huwa butu katika dakika moja, na ya mawe ikipelekwa kwenye chuma husugua bila kukata.

Kutu ni adui wa kila siku. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya Mombasa au Unguja, lakini hewa ya pwani yake ina unyevu, na jasho la vidole lina chumvi ya kutosha. Kitambaa chenye mafuta kidogo hupitishwa juu ya kila biti kabla ya kurudishwa. Mfuko wa ngozi waonekana kuwa pahali pazuri, lakini dawa za kutengenezea ngozi huila feleji polepole.

Na biti butu? Kanuni ya karakana njema ni kwamba biti butu hairudi tunduni. Huwekwa katika kisanduku chake karibu na jiwe la kunolea, na tundu lake hubaki wazi mpaka inolewe. Jioni, kabla ya kufunga mlango, fundi hahesabu biti. Huhesabu matundu yaliyo wazi. Kila tundu lililo wazi lina jibu moja kati ya matatu: iko kisandukuni, iko tayani mwa mashine, au imesahauliwa ndani ya chombo kilichofungwa mchana. Akikosa jibu, taa huwashwa tena, na ile mashua iliyokuwa ishushwe majini alfajiri hungoja.