Uchakavu Nao Una Haki Yake Mbele ya Kodi

Neno ‘makato’ limezoeleka mno miongoni mwetu walimu. Tuionapo hati ya mshahara mwishoni mwa mwezi, makato ni zile fedha zinazotutoka kabla hazijatufikia mkononi. Kumbe katika sheria ya kodi ya mapato kuna makato ya aina nyingine, ambayo kazi yake ni kinyume kabisa: humkinga mfanyabiashara kwa kuziondoa gharama zake kwenye mapato kabla kodi haijakadiriwa. Neno ni moja, maana mbili zinakinzana. Nikiwa mtu wa isimu, nashikilia kwamba utata huu si wa kuchekelea, kwa sababu unawagharimu wananchi wenzetu fedha.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, imekuwa ikitumika nchini tangu Januari 1974. Haimruhusu mtu kuondoa bei yote ya gari au mashine kana kwamba amenunua unga wa siku moja. Hata hivyo, inatambua kwamba chombo cha kazi huchakaa. Kwa hiyo katika Jedwali lake la Pili inampa mwenye chombo nafuu ya mwaka hadi mwaka. Baada ya marekebisho ya 2020 na 2021, gari la kazi hupewa asilimia 25 ya bei yake kila mwaka kwa mafungu sawa, na kompyuta vivyo hivyo. Samani hupewa asilimia 10. Gari lisilo la kibiashara nalo limewekewa mpaka: bei inayozidi shilingi milioni 3 haihesabiwi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Seremala mmoja huuza samani za shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Mbao, kodi ya banda na ujira wa vibarua humla shilingi 1,500,000. Faida yake basi ni 500,000. Kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, yaani asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, 25 kwa 100,000 zinazofuata, na 30 kwa zilizosalia, kodi yake ni 87,400. Ukiondoa nafuu ya binafsi ya shilingi 28,800, atalipa 58,600.

Sasa seremala huyu ananunua pikapu ya shilingi 800,000 ya kubebea mbao, wala haitumii kwa jambo lingine. Robo ya bei hiyo ni 200,000. Mapato ya kutozwa kodi yanashuka hadi 300,000, na kodi anayobaki nayo, baada ya nafuu ya binafsi, ni shilingi 3,000 tu! Atafaidi hivyo kwa miaka minne. Ieleweke kwamba serikali haikumnunulia pikapu. Imekubali tu kwamba magurudumu yanayolika barabarani ni sehemu ya gharama ya kuipata riziki.

Hapa ndipo penye tatizo. Wafanyabiashara wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huingizwa katika kodi ya mauzo, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3. Kodi hii hutozwa kwenye mauzo yote. Haiulizi bei ya mbao, haiulizi ujira, wala haiulizi pikapu. Seremala wetu atalipa shilingi 60,000, awe amenunua gari au hakununua. Hata akipata hasara, atalipa.

Simaanishi kwamba kodi ya mauzo haina wema wowote. Hesabu yake ni nyepesi, na asiyeweka vitabu vya biashara huiona afueni. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa kodi na kuchagua kutozwa kwa njia ya kawaida. Kati ya 60,000 na 3,000 pana tofauti ya 57,000, fedha za kumlipia mtoto karo. Ni mafundi wangapi wa jua kali wanaojua kwamba mlango huo upo?

Hawajui kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwa lugha wanayoifahamu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Licha ya hayo, sheria za kodi huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mwenye kampuni kubwa huajiri mhasibu wa kumfafanulia. Fundi wa Gikomba hubahatisha. Hivyo nafuu iliyotungwa kwa ajili ya wote huishia kwa wale wenye uwezo wa kumlipa mkalimani. Asiyejua maana, wahenga walinena, haambiwi maana. Nami nauliza, ataijuaje asipoambiwa?

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, Mamlaka ya Ushuru itoe mwongozo wa Kiswahili wenye mifano ya hesabu kama huu wa seremala, na wanaisimu tushirikishwe katika kusanifisha istilahi. Tuliache neno ‘makato’ kwa yale yanayotutoka, na hii tuiite ‘nafuu ya uchakavu’. Pili, walimu wa hisabati na biashara wawape wanafunzi hesabu za namna hii darasani. Wafunzwe pia kutunza stakabadhi, maana tangu Januari 2024 gharama nyingi zisizo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS hukataliwa.

Kodi ni wajibu, na anayeikwepa analikosea taifa. Lakini kumwacha mnyonge alipe asichodaiwa, kwa sababu tu haki yake imefichwa katika lugha asiyoielewa, nako ni kumkosea. Mgala muue, na haki yake mpe.