Nani Anamsaidia Mwalimu wa Kusoma?

Wengi wetu tunamjua mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu. Afisa wa mitaala, yule CSO, ambaye zamani tulimwita TAC tutor, hatumjui. Kazi yake ni kuzunguka shule za eneo lake, kukaa nyuma darasani, kusikiliza somo, halafu kuongea na mwalimu pembeni: hapa umefanya vizuri, pale jaribu hivi. Hakuja kutisha mtu.

Katika mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima mwaka 2015, somo likiisha afisa aliita watoto watatu, yeyote tu. Kila mmoja alisoma dakika moja, maneno sahihi yakihesabiwa. Msomaji mzuri alitakiwa kufikisha 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Msishangae, maneno yetu ni marefu. “Hawakutusomea” ni neno moja, na Mwingereza atatumia sita!

Lakini mtoto mjanja hukariri ukurasa kwa kusikia wenzake, na mzazi anafurahi bure. Mpe ukurasa asioujua. Akifika gredi ya 4 bila kusoma, hata hesabu itamshinda, maana maswali yameandikwa.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi msiulize habari za majengo peke yake. Ulizeni afisa alikuja lini, alisikiliza watoto wangapi, akamshauri mwalimu nini. Pengine mtaambiwa shule ni nyingi na pikipiki haina mafuta. Hilo nalo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.